AFYA YA NYUMBA: Tupime Meno kwa Mizani ya Kweli



Mwezi huu tuzungumze juu ya kinywa. Jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine, maana katika Kiswahili cha vitabu ile nyama nyekundu inayoshika meno inaitwa fizi. Basi mtu wa Fizi asiyejali fizi zake amejisahau mwenyewe! Mkiisha kucheka, tusikilizane vizuri, kwa sababu nina ungamo la kufanya mbele yenu.

Siku moja ya yenga nilisimama mbele ya watoto wa shule ya yenga nikauliza: «Nani amesafisha meno yake leo asubuhi?» Mikono yote iliinuliwa. Nikahesabu: watoto 40, mikono 40. Nikaandika katika daftari langu, nikamshukuru Mungu, nikaenda nyumbani na furaha. Nilikuwa nimefundisha juu ya usafi miezi miwili, na sasa nilikuwa na namba ya kuonyesha wazee wa kanisa.

Yule mama muuguzi anayesali pamoja nasi alicheka aliposikia. Akaniambia: «Baba pasta, wale batoto banakuambia kile unataka kusikia.» Yenga iliyofuata alikuja na chupa ndogo ya rangi nyekundu, ile ya kutia katika keki za ndoa. Akaweka matone machache katika maji, kila mtoto akasukutua na kutema. Rangi ile haishiki sana jino safi, lakini inashika ukoga, yaani ule utando laini wa chakula na vijidudu unaokaa juu ya jino. Watoto wakaangaliana, wakacheka sana. Karibu vinywa vyote vilikuwa vyekundu kama vimekula matunda ya mwitu.

Lakini mtoto mmoja hakucheka. Alikuwa binti wa miaka 12, na alifunga mdomo. Muuguzi alimpeleka pembeni, akamwangalia kwa tochi, akanikuta uso umebadilika. Jino la nyuma chini lilikuwa limetoboka mpaka ndani, na taya limeanza kuvimba. Kumbe binti huyu alikuwa anatafuna upande mmoja kwa muda wa miezi mitatu, na usiku halali vizuri. Alikuwa ameacha kuimba katika kwaya. Mimi nilidhani ni kiburi cha usichana. Nikamwuliza: «Binti yangu, kwa nini uliinua mkono ile siku?» Akajibu: «Wote baliinua, baba pasta. Nilisikia haya.»

Alipelekwa hospitali, jino likang'olewa, akapona. Tumshukuru Mungu. Lakini mimi nilirudi kwa daftari langu na kusoma tena: «40 kwa 40.» Namba ile haikuwa uongo wa watoto peke yao. Mimi ndiye niliyepima vibaya, na kipimo changu kilifunika maumivu ya mtoto.

KUULIZA SI KUPIMA

Ndugu msomaji, jambo hili si la pasta peke yake. Watu wa elimu wanaochunguza afya ya meno wanalijua tangu zamani. Ukimwuliza mtu mbele ya wengine kama anasafisha meno, atasema ndiyo, kama vile ukimwuliza kama anasali. Ndiyo maana katika uchunguzi mzuri hawaishii kwa maswali. Wanauliza, halafu wanaangalia, na mambo hayo mawili yanaandikwa mahali mbalimbali.

Wachimbaji wetu wa Misisi wataelewa upesi. Hakuna mnunuzi anayelipa dhahabu kwa sababu mchimbaji amesema ni nzito. Inawekwa juu ya mizani. Na mchimbaji naye hakubali mizani yoyote tu, anataka kujua kama imesawazishwa. Kitabu cha Mithali kinarudia mara nyingi juu ya mizani ya uongo, kwamba Mungu anaichukia. Tumezoea kuhubiri maneno hayo kwa wafanyabiashara. Leo nayahubiri kwa yeyote anayehesabu watu, nikianza na mimi mwenyewe.

MIZANI YA UKOGA

Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Marekani, Greene na Vermillion, walitengeneza kipimo chepesi cha usafi wa kinywa. Kinatumika mpaka leo katika nchi nyingi, na hata mtu asiye daktari anaweza kuelewa kazi yake.

Hawaangalii meno yote, wanachagua meno sita. Mawili ni ya mbele: moja la juu na moja la chini. Manne ni magego, yaani meno makubwa ya nyuma: mawili ya juu na mawili ya chini. Magego ya juu yanaangaliwa upande wa shavu, na ya chini upande wa ulimi. Kila jino linapewa namba. Kama hakuna ukoga, ni 0. Kama ukoga umefunika sehemu isiyozidi theluthi moja ya jino, ni 1. Ukipita theluthi moja lakini usipite theluthi mbili, ni 2. Ukipita hapo, ni 3. Halafu wanajumlisha na kugawanya kwa 6.

Tufanye mfano. Mtoto amepata 3, 2, 1, 1, 2 na 3. Jumla ni 12. Ukigawanya kwa 6, unapata 2. Kwa kipimo hiki, kutoka 0 mpaka 0,6 ni vizuri. 0,7 mpaka 1,8 ni katikati. 1,9 mpaka 3 ni vibaya. Basi mtoto wetu yuko vibaya. Lakini angalia: meno yake ya mbele yalipata 1 na 1. Akicheka mbele ya wageni, utasema ni msafi! Uchafu wake uko nyuma, na zaidi upande wa ulimi, mahali asipopaona mtu. Mnakumbuka Samweli katika nyumba ya Yese, alivyotazama urefu na uso wa wale wana wakubwa? Kipimo kizuri kinakwenda mahali jicho la haraka halifiki.

Ukoga ukikaa muda mrefu unakuwa mgumu kama jiwe, na hapo unaitwa ugaga. Ule hauondoki kwa mswaki, unataka mtu wa kazi hiyo na vyombo vyake. Greene na Vermillion waliupa ugaga hesabu yake peke yake.

FIZI NAZO ZINASEMA

Njia nyingine ni kuangalia fizi. Mwaka 1963 wataalamu Löe na Silness waliandika kipimo cha fizi: 0 ni fizi zenye afya, 1 zimebadilika kidogo, 2 zinatoa damu zikiguswa kwa chombo, 3 zinatoa damu zenyewe.

Mwaka 1965 Löe na wenzake walitangaza jaribio walilofanya kule Denmark. Watu 12 wenye fizi nzuri waliacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 mpaka 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona katika muda wa juma moja hivi. Jambo hili linanifurahisha, maana ni kama habari ya toba: uharibifu wa namna hii unakuja upesi, lakini mlango wa kurudi uko wazi, na safari ya kurudi si ndefu.

Hata hivyo tusikimbilie kuhukumu. Fizi zinazotoka damu hazisemi sikuzote kwamba mtu ni mchafu. Mama mwenye mimba fizi zake zinavimba kwa urahisi. Mtu asiyepata matunda na mboga anaweza kutoka damu. Na ninyi wa machimbo, sikieni: mahali zebaki inatumika kushika dhahabu na kuchomwa moto, moshi wake unadhuru fizi pia. Huko Rwamagasa, eneo la wachimbaji wadogo katika Geita, Tanzania, wataalamu waliwapima watu 180 wa machimbo na watu 31 wa Katoro, kijiji cha jirani, ili walinganishe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika watu 99 waliokuwa wanachoma zebaki na dhahabu, 25 walikuwa wamepata sumu. Mtu wa namna hiyo ukimpa mswaki peke yake, hujamsaidia. Kwanza aache kuvuta moshi ule, na asichome zebaki nyumbani karibu na watoto na sufuria.

HESABU YA MENO YALIYOOZA

Kipimo kinachojulikana zaidi ya vyote kilitokea mwaka 1938. Klein, Palmer na mwenzao Knutson walikuwa wanachunguza watoto wa shule kule Hagerstown, Marekani. Wakahesabu kwa kila mtoto meno mangapi yameoza, mangapi yameng'olewa sababu ya kuoza, na mangapi yamezibwa. Jumla ya hayo matatu ndiyo namba ya mtoto. Vijana waliosoma kwa Kifaransa watakuta kipimo hiki kwa jina la CAO. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri watoto wa miaka 12 wapimwe namna hiyo, ili nchi na nchi zilinganishwe.

Angalia hekima ya kipimo hiki. Jino lililooza haliponi lenyewe, na lililong'olewa halirudi. Basi namba hii inachukua historia yote ya mtoto: kuoza kwake, pia kama alipata msaada. Kama namba karibu yote ni meno yaliyooza, na yaliyozibwa ni sifuri, hesabu hiyo inawaambia wakubwa kwamba watoto wanaumia na hawana mganga wa meno karibu.

Lakini mizani hii nayo inaweza kudanganya mtu asiyejua watu anaowapima. Zamani Wajaluo wa Kenya walikuwa na desturi ya kung'oa meno sita ya mbele chini. Mgeni akihesabu meno yale kama yameoza, atawapa namba kubwa bila haki. Tena kuna watoto waliong'olewa kile kinachoitwa «meno ya plastiki» katika nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Wazazi wanaambiwa kuhara na homa ya mtoto mchanga vinatoka katika uvimbe mweupe wa ufizi. Hapana, wapenzi! Hakuna jino la plastiki. Lile ni jino changa la kweli ambalo halijatoka bado, na kulichimba kwa chombo kichafu kumeua watoto. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya kuhara na apelekwe kituo cha afya.

Na huko Arusha, karibu na mlima Meru, maji ya sehemu nyingi yana floridi nyingi sana. Watoto wanaoyanywa tangu utoto meno yao yanakuwa na mabaka, mpaka rangi ya kahawia. Mtu akipita haraka atasema: hawa hawasafishi. Kumbe wanaweza kusafisha kila siku! Kwa ajili ya hali hiyo kuna kipimo kingine kabisa, kilichotolewa na Thylstrup na Fejerskov mwaka 1978, kutoka 0 mpaka 9. Kila ugonjwa na mizani yake. Usipime samaki kwa kopo la mafuta.

WASTANI UNAWEZA KUMFICHA MTOTO

Sasa nafika mahali palipouma moyo wangu. Tuseme tumepima watoto 10. Saba hawana jino lolote lililooza. Watatu waliobaki wana 5, 7 na 8. Jumla ni 20, na ukigawanya kwa watoto 10, wastani ni 2. Mwaka 1981 OMS pamoja na chama cha waganga wa meno wa dunia waliweka shabaha kwamba kufika mwaka 2000, wastani wa watoto wa miaka 12 usipite 3. Basi kijiji chetu cha watoto 10 kingesifiwa! Lakini wale watatu wangeendelea kulia usiku.

Mtaalamu wa Sweden, Bratthall, aliliona tatizo hili, na mwaka 2000 akashauri jambo jepesi: pamoja na wastani wa wote, chukua ile theluthi ya watoto walio na hali mbaya zaidi, uhesabu wastani wao peke yao. Kwa mfano wetu, watatu wale wana 20, ukigawanya kwa 3 unapata karibu 7. Sasa picha imebadilika. Namba 2 inatupa usingizi. Namba 7 inatuamsha.

Hata kwa fizi ni hivyo. Huko Machakos, Kenya, Baelum, Fejerskov na Manji walipima watu 1131 wa miaka 15 mpaka 65, na matokeo yakatoka mwaka 1988. Ukoga na ugaga vilikuwa karibu kila mahali, lakini waliopoteza meno mengi hawakuwa wengi. Uharibifu mkubwa ulikuwa umewaangukia watu wachache. Mtu akihubiri kwamba kila mwenye ukoga atabaki kibogoyo, anazidisha. Mtu akisema wote wako sawa, anawasahau wale wachache.

Ndugu zangu, mchungaji wa mfano wa Yesu alikuwa na kondoo 100. Kwa wastani, 99 walikuwa salama! Angeweza kukaa. Lakini alijua kuhesabu kwa namna nyingine.

MACHO MAWILI, MIZANI MOJA

Jambo la mwisho juu ya kazi ya watafiti. Mtu mmoja akiangalia jino anasema «limeoza», mwingine anasema «ni alama tu». Nani wa kweli? Ndiyo maana kabla ya kuanza, wapimaji wanafundishwa pamoja, wanaangalia vinywa vilevile, wanalinganisha namba zao mpaka zikubaliane. Katikati ya kazi, watu wachache, kama 5 mpaka 10 kwa kila 100, wanapimwa mara ya pili bila mpimaji kutazama namba ya kwanza. Kama namba zinatofautiana sana, mizani haijasawazishwa.

Tena wazazi mjue haki yenu. Mwaka uleule wa 1964, chama cha waganga wa dunia kilitoa Tangazo la Helsinki, linalosema mtu anayechunguzwa lazima aelezwe na akubali kwa hiari. Kama wapimaji wanakuja katika shule ya mtoto wako, uliza kwa heshima: Mnatafuta nini? Vyombo vinasafishwa namna gani kutoka mtoto huyu kwenda kwa yule? Mtoto akikutwa na maumivu, mtamsaidia wapi? Na wakiisha kujibu vizuri, ninyi nanyi semeni kweli. Usijifanye msafi sababu ya haya. Wala usiongeze shida ukidhani msaada utakuja zaidi. Namba ya uongo ikipunguza, watasema watoto wa Fizi hawana tatizo. Ikizidisha, mara nyingine hawatatuamini. Mwaka 2022 OMS ilisema watu karibu bilioni 3,5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Katika namba kubwa hivyo, watoto wetu wataonekana tu kama tumehesabiwa kwa haki.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Si lazima kungoja watafiti. Kila familia inaweza kupima. Fanyeni hivi:

1. Chagueni jioni moja, kabla ya kulala, bila kutangaza mapema. Mkitangaza, kila mtu atasugua sana siku ile tu.

2. Mzazi anawe mikono, achukue tochi. Aangalie yale meno sita, na asisahau magego ya chini upande wa ulimi. Kwa kila mtoto aandike namba 0, 1, 2 au 3. Mtu yuleyule apime kila mara, kwa mwanga uleule.

3. Mpime kila mtu faraghani, na baba na mama nao wapimwe! Msisome namba za mmoja mbele ya wengine. Mtoto akichekwa leo, kesho atafunga mdomo.

4. Muulizeni kila mtoto peke yake: «Kuna mahali panauma? Unatafuna pande zote mbili?» Swali hili dogo lingeniokoa mimi na aibu, na binti yule na miezi mitatu ya maumivu.

5. Angalieni hasa gego la miaka sita. Linatoka nyuma ya meno yote ya utoto, na hakuna jino linaloanguka kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi wanadhani ni la utoto, wanasema: acha lioze, litaota lingine. Halitaota lingine! Ni la maisha yote.

6. Safisheni mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo msiiache kabisa. Dawa ya meno yenye floridi inazuia kuoza. Mwaka 2021 OMS iliiweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Mtoto chini ya miaka 3 apate kadiri ya punje ya mchele tu, na wa miaka 3 mpaka 6 kadiri ya punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Kama hamna franga za dawa, mswaki wa kijiti uliotafunwa vizuri unaondoa ukoga kama ukitumiwa kwa uvumilivu, nyuma na mbele. Floridi ndiyo haina.

7. Punguzeni bombo, biskuti na sukre. Baba akitoka machimboni na franga kidogo, anataka kuwafurahisha watoto, naelewa. Lakini ndizi, karanga au samaki wa ziwa letu ni zawadi pia. Kama ni kitu cha sukari, kiliwe pamoja na chakula, wala kisinyonywe siku nzima.

8. Baada ya majuma mawili, pimeni tena. Linganisheni namba ya mtu na namba yake mwenyewe ya kwanza, si na ya ndugu yake.

Kuna mambo yasiyongoja majuma mawili. Taya au shavu likivimba, mtoto akiwa na homa, akishindwa kufungua kinywa au kumeza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usiache usaha upite kwenda shingoni. Na kama mtoto aliyekonda, au aliyetoka kuugua surua, ana kidonda cha fizi kinachonuka, au shavu linaanza kuvimba na kugeuka jeusi, usiende kwanza kwa mtu wa majani. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto upesi sana. OMS iliuandika Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukikamatwa mapema, unatibika.

NA DAFTARI LANGU?

Sikulitupa. Chini ya ile «40 kwa 40» nilichora mstari, nikaandika tarehe mpya na namba mpya, zile za muuguzi. Hazikupendeza. Wazee wa kanisa walipozisoma, walinyamaza kidogo. Halafu mzee mmoja akasema: «Sasa ndiyo tunajua pa kuanzia.» Wakakubaliana kutoa katika sanduku kitu kidogo kwa kusafirisha watoto wenye maumivu mpaka hospitali. Namba nzuri ya kwanza haikumpeleka mtoto hata mmoja. Namba mbaya ya kweli iliwapeleka wanne.

Yule binti amerudi katika kwaya. Ana pengo upande wa kushoto chini, na anafungua kinywa wazi anapoimba. Tangu siku ile sijauliza tena swali la kuinua mikono, wala juu ya meno, wala juu ya kusali. Nakaa na mmoja mmoja.

Mungu anayejua hata hesabu ya nywele zetu awabariki, awape ujasiri wa kusema kweli na upole wa kuisikia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, ni jambo gani tunalolijibu «ndiyo» sababu ya haya tu?

2. Nani katika familia au darasa letu anafichwa na wastani, kwa sababu wengine wako vizuri?

3. Vijana: mtu akija kuwapima shuleni, mtamwuliza nini, na mtamjibuje?

Tuonane mwezi ujao, Bwana akipenda.

Mchungaji wenu